Kamera, Nuru na Adabu Zake

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kumshukuru. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, zamani kamera ilikuwa chombo cha watu wachache. Mtu akitaka picha alivaa kanzu yake nzuri, akaenda studio, akaketi kitini bila kutikisika, kisha akangoja siku kadhaa. Leo hapana nyumba isiyokuwa na kamera, kwa kuwa kila simu inayo moja, au mbili, au zaidi. Wazee wengi waiona kuwa mchezo wa watoto, na vijana wengi waiona kuwa chombo cha kujionyesha. Wote wameipunja. Kamera ni elimu, na elimu hiyo Waislamu wana mkono ndani yake tangu mwanzo. Nayo ni amana, na amana hiyo imekwisha kuwaponza watu. Yafaa basi tuyajue yote mawili.

ASILI YAKE

Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 965, akafa Kairo yapata mwaka 1040. Alitunga kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, kiitwacho Kitab al-Manazir. Wenye hikima wengi kabla yake walidhani kuwa jicho hutoa miale yake ikaenda kugusa vitu. Yeye alibainisha kuwa nuru ndiyo itokayo katika vitu ikaingia jichoni. Naye hakusema kwa kukisia tu. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo, na nyuma ya tundu pakawa pahala penye giza. Akaona nuru ya kila taa imeanguka mbali na ya mwenziwe. Akifunika taa moja, nuru ya taa ile peke yake hutoweka, na zilizosalia hazidhuriki. Akajua ya kuwa nuru huenda moja kwa moja, wala nuru mbili hazichanganyiki ndani ya tundu. Katika risala nyingine alieleza sura ya jua lililopatwa jinsi inavyoonekana kwa kupita katika tundu kama hilo.

Jambo hili mwaweza kulifanya nyumbani pamoja na watoto. Fungeni madirisha ya chumba kimoja mchana wa jua kali, mzibe kila upenyo, mwache tundu moja tu, upana wake kama punje ya mtama. Tundikeni shuka nyeupe mkabala wa tundu. Mtaiona njia ya nje, minazi na watu wapitao, vyote vimepinduka juu chini. Hiyo ndiyo kamera. Vyote vilivyokuja baadaye ni kutafuta njia ya kuizuia sura ile isipotee dirisha likifunguliwa.

Njia hiyo ilipatikana Ufaransa, alipofaulu Nicéphore Niépce katika miaka ya 1820, na Louis Daguerre akaitangaza yake mwaka 1839. Haukupita muda mrefu ila ilifika kwetu. Mwaka 1861 afisa wa jeshi la Misri, mhandisi Muhammad Sadiq Bey, alipiga picha za Madina, nazo huhesabiwa kuwa za kwanza za mji ule mtukufu. Na mwaka 1880 alipofuatana na msafara wa mahujaji akapiga za Makka. Alifanya kazi kwa vioo vilivyopakwa dawa, katika joto na vumbi la Hijazi. Basi kijana anayelalamika kwamba simu yake ni ya zamani na amkumbuke mtu huyu.

JINSI KAMERA YA LEO IONAVYO

Kamera za leo hazitumii kioo wala filamu. Nyuma ya lenzi mna kipande chembamba cha silikoni, nacho huitwa sensa. Si ile sensa ya kuhesabu watu, ijapokuwa hii nayo kazi yake ni kuhesabu: yahesabu nuru.

Chukueni mfano wa mvua. Mtu amepanga vikombe uani, safu kwa safu, hata uwanja mzima umejaa. Mvua ikinyesha, kila kikombe hupokea matone yake. Ikikatika, mwenye nyumba hupita akapima kila kikombe na kuandika katika daftari. Aliyelishika daftari lile aweza kujua wapi mvua ilinyesha sana na wapi ilirashia, ingawa hakuwapo. Sensa ni ule uwanja. Vikombe vyake huitwa pikseli, na matone yake ni chembe za nuru. Chembe ya nuru ikiangukia silikoni huweza kuing'oa elektroni moja mahali pake, na elektroni hizo hukusanyika hata zikapimwa. Picha ni daftari lile.

Chombo cha kwanza cha namna hii kilibuniwa Marekani mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1975 fundi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera isiyo na filamu: uzito wake ulikuwa yapata kilo 3.6, pikseli zake 10,000 tu, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti.

Mtu atauliza: ikiwa sensa yahesabu nuru tu, rangi zatoka wapi? Jawabu yake ni kuwa juu ya kila kikombe mmewekwa kichujio kidogo cha rangi moja. Mpango unaotumika zaidi ni wa Bryce Bayer wa mwaka 1976: nusu ya vikombe ni vya kijani, robo vyekundu, na robo vya buluu. Kijani kimezidishwa kwa sababu jicho la mwanadamu huona zaidi katika nuru ya kijani. Kila pikseli hujua rangi moja tu. Nyingine mbili kamera huzikadiria kwa kuangalia majirani.

HESABU YENYE KUOKOA FEDHA

Hapa ndipo wauzaji wanapowachezea wanunuzi. Hutaja idadi ya pikseli, na kijana akadhani yenye nyingi ndiyo bora. Lakini ukiwa na uwanja mmoja, kuongeza vikombe ni kuvifanya vidogo. Kamera kubwa yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, na pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24, kila pikseli yake ina upana wa elfu 6 za milimita. Pikseli ya simu yaweza kuwa na upana wa elfu 1.4 tu. Kwa eneo, ile ya kwanza yaizidi hii zaidi ya mara 18.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu nuru, mfano wa mvua, haianguki sawasawa. Pikseli iliyopokea chembe 10,000 hukosea kiasi cha 100 hivi, yaani moja katika mia, na jicho halioni. Iliyopokea chembe 100 hukosea kiasi cha 10, yaani moja katika kumi, na hapo ndipo picha hujaa chenga. Hii ndiyo sababu picha za usiku huharibika. Dawa yake ya kwanza haikuuzwa dukani: ni kuongeza nuru. Sogea karibu na dirisha, iegemeze kamera ukutani, acha tundu la lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi.

Tena fikirini matumizi. Picha ya kutundika ukutani, inchi 10 kwa 8, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, yahitaji pikseli milioni 7.2. Ya kuweka katika albamu, inchi 6 kwa 4, yahitaji milioni 2 na kidogo. Kamera ya mkono wa pili iliyokwisha kutumika miaka kumi yatosha kabisa. Basi kijana asiuze shamba la babake, wala asiingie katika mkopo wa riba, kwa ajili ya milioni za pikseli ambazo hatazitumia. Mwenyezi Mungu hawapendi wafanyao israfu, na riba hukumu yake mwaijua.

LADHA YA KAZI HII NA FAIDA YAKE

Kazi hii ina ladha ambayo mwenye pupa haipati. Yampasa mtu kuamka mapema. Baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa chini, nuru huwa laini. Ngalawa zatoka, na maji yana rangi ambayo saa mbili baadaye haipo. Zamani filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ina gharama yake, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo kijana hupiga mia tano kwa siku na hakumbuki hata moja. Nawausia vijana wajiwekee mpaka: picha 36 kwa juma, basi. Watajifunza kutazama, na kutazama viumbe vya Mungu kwa mazingatio ni jambo tulilohimizwa.

Tena pana kazi zenye kudumu. Piga picha vitabu vya mkono vya babu zetu, ukurasa kwa ukurasa, kabla mchwa hawajavimaliza. Piga nakshi za milango na misikiti ya kale. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandiko ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Maandiko ya kuchongwa ukiyapiga nuru ikiwa mbele yake hayasomeki. Nuru ikija kwa ubavuni, kila herufi hupata kivuli chake ikajitokeza. Kabla ya kupiga, ombeni ruhusa ya wenye msikiti.

Na mwezi je? Sensa hukusanya nuru iliyo dhaifu na hata ile isiyoonekana kwa jicho. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchanga mchana, katika wakati ule ule wa kuungana kwake na jua, nao haukuwa mbali na jua ila digrii 4.4, na wataalamu husema kuwa chini ya digrii 7 hivi hilali haionekani kwa macho. Je, mwezi wa namna hiyo watosha kufungia au kufungulia? Hilo ni la wanavyuoni, si la wapiga picha. Bali nawaambia vijana mambo mawili. Usieneze picha ya mwezi usiku wa kuamkia thelathini ukawatia watu fitina. Ipeleke kwa wenye kupokea ushahidi. Tena usiielekeze lenzi kwenye jua pasipo kinga yake, kwani huunguza sensa na hupofusha jicho.

ADABU ZAKE

Juu ya hukumu ya picha yenyewe wanavyuoni wamehitilafiana. Wako walioikataza kwa kushika hadithi za wenye kutengeneza sura, na wako walioiruhusu, na miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliyetunga risala akisema kuwa ni kuzuia kivuli tu, si kuumba. Kila nyumba na imfuate mwanachuoni inayemtegemea. Lakini kwa haya yafuatayo hapana khitilafu.

Picha ya filamu ilikuwa na asili moja, ukiichoma, imekwisha. Picha ya sensa ni hesabu, na hesabu hunakiliwa mara elfu bila kupungua hata nukta. Ikisha kutoka mkononi mwako hairudi. Mtaa wetu uliliona hilo. Msichana mmoja, katika arusi ya wanawake, aliwapiga picha wenziwe wakiwa wamevua buibui, wamejipamba, nao wamejiaminia kuwa ni wanawake watupu. Akampelekea rafiki mmoja tu. Kabla ya isha picha ilikuwa katika simu za wanaume. Binti mmoja alikuwa mchumba wa watu. Akalia siku tatu asile, na wazee wakakaa vikao viwili ndipo posa ikasalimika. Aliyepiga hakukusudia ubaya. Lakini jeraha halimuulizi mwenye kisu nia yake.

Kwa hivyo, enyi vijana, shikeni haya. Usimpige mtu picha ila kwa idhini yake, na mtoto kwa idhini ya wazazi wake. Usimpige mgonjwa, maiti, wala masikini apokeaye sadaka. Usichungulie nyumba za watu kwa lenzi, kwani katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa kupelelezana, na lenzi ndefu haikubadilisha hukumu hiyo. Kumbukeni pia kuwa simu yaweza kuandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa. Zimeni jambo hilo, msije mkawaonyesha wezi na mafasiki mlango wa nyumba yenu.

Nanyi wazazi, msiitoshee kuinyang'anya kamera mkadhani mmelea. Ketini na mwanenu, mfanye naye ile nyumba ya giza, mmweleze habari ya Ibn al-Haytham, kisha mmpe kazi: ampige picha bibi yake, kwa ridhaa yake, kabla hajaondoka duniani, anakili daftari la nasaba ya ukoo. Kijana aliyepewa kazi ya heshima hana nafasi ya upuuzi. Na kila mwenye kushika kamera na ajue kuwa yeye naye anaonwa, na daftari lake linaandikwa, wala daftari hilo halina chenga.

Mwenyezi Mungu atupe macho yenye kuona heri, na ayasitiri mapungufu yetu kama tunavyotakiwa kuwasitiri wenzetu. Amin.