Picha Sitini kwa Sekunde

PUBG: Battlegrounds, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2017, huwakutanisha hadi wachezaji 100 kwa njia ya intaneti. Ili mwendo uonekane laini, yapasa kompyuta ichore picha 60 kila sekunde. Yaani kila picha ina milisekunde 16.7 tu.

Mchezo ukikwamakwama, wengi hukimbilia kununua kadi mpya ya grafiki, ambayo ni ghali. Heri kupima kwanza. Punguza nukta za picha kutoka 2,073,600 (1920 kwa 1080) hadi 921,600 (1280 kwa 720). Kasi ikipanda, kadi ndiyo iliyolemewa. Isipopanda, kwa kawaida mzigo uko kwenye prosesa, inayokokotoa mambo ya mchezo; hapo kadi mpya haifai kitu, afadhali kufunga programu nyingine zinazoendeshwa wakati huohuo.