Wimbo «Malaika»: maana yake ni nini?



Wengi kati yetu tunaimba «Malaika» tangu utoto, na wengine wanazani ni wimbo wa Noeli. Hapana! Humo hamuna mbingu wala Gabrieli. Malaika ni binti anayependwa, na anayemwimbia ni kijana asiyeweza kumuoa. Anamuita pia «kidege». Sisi tungesema kandeke.

Kinachomushinda ni mali. Watu wa pwani wanaita vitu vya kuoa mahari, na mali kwao ni utajiri tu. Lakini kwetu Katanga, mzee akikuuliza «Mali umelipa?», haulizi habari ya utajiri: anauliza kama umemaliza na wakwe. Kwa hiyo ninazani sisi tunausikia wimbo huu karibu kuliko hata wenyewe wa pwani. Kijana anayepakia samaki kwenye barabara ya Kasenga ili apate franka za wakwe anauelewa pasipo mwalimu.

Angalieni tena ile -nge- katika kitenzi (wa sarufi, amukeni!). Kijana hasemi «nitakuoa», wala hasemi «sikutaki». Anataka, lakini njia imefungwa. Uzuri wote uko pale.

Sasa, nani aliutunga? Hapo kuna mabishano. Fadhili William, Mkenya aliyezaliwa 1938, aliurekodi Nairobi mwanzo wa miaka ya 1960. Alisema wimbo ni wake, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye sahani nyingi. Lakini Adam Salim, wa Tanganyika, alidai aliutunga 1945, sababu mpenzi wake aliozwa kwa tajiri. Mwaka ule Fadhili alikuwa mtoto wa miaka sita, saba hivi. Hesabu hiyo peke yake haikati kesi, maana 1945 ni neno la Salim mwenyewe.

Wakati wao wanabishana, wimbo ukasafiri. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani ya 1965, huko Marekani, na Boney M. nao wakaurekodi 1981. Ndiyo maana jina la mtungaji si jambo dogo: anayeandikwa ndiye anayepata feza wimbo ukiuzwa. Fadhili alikufa 2001, na ubishi haukuisha.

Kwaya yetu ikitaka kuuimba kwenye sikukuu ya shule, tafazali iuimbe polepole. Huyu kijana hachezi, analia.