Mpango na Kumbukumbu za Shamba katika Uthibitishaji wa Kilimo Hai: Suala la Lugha ya Fomu katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Uthibitishaji wa kilimo hai hufanyika kwa kulinganisha shamba na maandishi yanayolieleza. Makala haya yanafafanua jinsi mpango wa uzalishaji na kumbukumbu za shamba zinavyoandaliwa, kisha yanaonyesha kwamba maneno ya kila siku kama vile dawa, mbolea, asili, shamba na gunia yanaweza kumfanya mkulima mwaminifu aonekane mdanganyifu, au kuficha kosa ambalo mwenyewe hakulijua. Makala yanapendekeza kwamba fomu za Kiswahili ziulize kwa kutaja vitu na vitendo, na kwamba wataalamu wa lugha washirikishwe kabla fomu hizo hazijafika shambani.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, kinachofahamika kwa namba EAS 456. Alama inayowekwa kwenye bidhaa zinazotimiza kiwango hicho ilipewa jina la Kiswahili, Kilimohai. Uteuzi wa jina hilo ulikuwa wa busara, kwani mnunuzi wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam hulielewa bila mkalimani. Hata hivyo, jina la alama ni hatua ya mwisho ya safari ndefu ya maandishi. Kabla ya alama kuna ramani, fomu, daftari na stakabadhi, na kwa kiasi kikubwa nyaraka hizi hubuniwa kwa Kiingereza na kufasiriwa papo kwa papo na ofisa ugani au mkaguzi.

Makala haya yanajikita katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako kahawa aina ya arabika hulimwa upande wa Uganda na upande wa Kenya. Katika eneo hili mkulima ana lugha yake ya nyumbani, kiwango kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazoweza kuwakutanisha watu wa pande mbili za mpaka. Hoja yetu ni kwamba ubora wa fomu ya Kiswahili ni sehemu ya ubora wa uthibitishaji wenyewe. Fomu isiyoeleweka hutoa kumbukumbu zisizo za kweli, hata pale ambapo kila aliyehusika amesema ukweli.

2.0 Mpango wa uzalishaji

Mpango wa uzalishaji ni maelezo ya yale ambayo mkulima anakusudia kuyafanya, pamoja na sababu na wakati wake. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinautaka mpango ueleze mbinu zitakazotumika na mara ngapi zitatumika. Orodha ya kila kitu kitakachowekwa shambani, muundo wake, kilikotoka na mahali kitakapotumika. Namna ya kufuatilia iwapo mpango unafanya kazi. Utaratibu wa kutunza kumbukumbu. Na hatua za kuzuia mazao yasichanganyike na mengine wala kuguswa na vitu vilivyokatazwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima mwenye ekari mbili zilizogawanyika katika vipande vitatu. Kipande A kina kahawa iliyochanganywa na migomba. Kipande B hulimwa mahindi na maharage. Kipande C ni cha mboga na kinapakana na jirani anayenyunyizia viuatilifu. Mpango mzuri huanza na ramani inayoonyesha vipande hivyo, mipaka yake, mwelekeo wa mteremko na mahali maji ya mvua yanakotokea. Kisha huja historia ya kila kipande: kililimwa nini, kiliwekwa nini, na lini. Historia hiyo ndiyo inayoamua kipindi cha mpito. Sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 2018/848, inadai miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza ya mazao ya kudumu kama kahawa. Marekani inadai miezi 36 tangu kitu kilichokatazwa kilipotumika mara ya mwisho hadi mavuno.

Baada ya historia, mpango hueleza mzunguko wa mazao katika vipande B na C, chanzo cha mbegu, urutubishaji wa udongo, udhibiti wa wadudu na magonjwa, na eneo la kinga kwenye mpaka wa kipande C. Hapa tarehe zina uzito wake. Kwa soko la Marekani, samadi mbichi ikiwekwa kwenye zao linaloliwa na binadamu, sharti zipite siku 120 kabla ya kuvuna ikiwa sehemu inayoliwa inagusana na udongo, na siku 90 ikiwa haigusani. Mkulima aliyeandika “niliweka samadi kabla ya masika” ametoa habari inayotosha kwa jirani yake, lakini isiyotosha kwa mkaguzi.

3.0 Kumbukumbu kama ushahidi

Ikiwa mpango ni ahadi, kumbukumbu ni ushahidi wa utekelezaji wake. Kumbukumbu za msingi ni za shughuli za kila kipande, manunuzi ya pembejeo pamoja na stakabadhi na vibandiko, mavuno, uhifadhi, usafirishaji na mauzo. Kanuni za Marekani zinataka zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano.

Mkaguzi huzisoma kwa njia mbili. Kwanza, hufuata bidhaa kinyumenyume, kutoka kwenye gunia lililouzwa hadi kwenye kipande kilikovunwa. Pili, hulinganisha kiasi. Tuseme kipande A kina miti 400 ya kahawa, na makadirio ya msimu ni kilo 2.5 za kahawa mbivu kwa mti. Jumla ni kilo 1,000. Kahawa mbivu ikimenywa, ikaoshwa na kukaushwa ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba, hubaki takriban sehemu moja kwa tano, yaani kilo 200. Mkulima akionekana kuwasilisha kilo 350, zitahitaji kuelezwa zile 150 zilizozidi. Huenda makadirio yalikuwa ya chini, au kahawa ya jirani imechanganywa, au mtu ameandika uzito wa kahawa ambayo haijakauka vizuri katika safu ya iliyokauka.

Suala hili haliishii kwa mkulima mmoja. Wakulima wadogo wengi huthibitishwa kwa vikundi, chini ya mfumo wa udhibiti wa ndani unaoendeshwa na kikundi chenyewe. Sheria ya Ulaya imeweka ukomo wa wanachama 2,000 kwa kikundi, na kasoro kubwa katika mfumo wa udhibiti zinaweza kukinyima kikundi kizima cheti. Hivyo swali moja lililoulizwa vibaya katika fomu, likajibiwa vibaya na mamia ya watu, linaweza kuzinyima soko familia ambazo hazikuvunja kanuni yoyote.

4.0 Maneno yanayopotosha

Neno la kwanza ni dawa. Katika Kiswahili, dawa ni kidonge cha malaria, ni kiuatilifu cha dukani, na ni maji ya majani ya mwarobaini. Fomu ikiuliza “Je, umetumia dawa?”, aliyenyunyizia mwarobaini atajibu ndiyo na kutiliwa shaka. Aliyepanda mbegu zilizopakwa kemikali dukani atajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa yeye alinunua mbegu, hakununua dawa. Jibu la kwanza linaleta tuhuma isiyostahili. La pili linaficha ukiukaji.

Neno mbolea lina tatizo la aina hiyohiyo, kwa kuwa linabeba samadi, mboji na mbolea za viwandani kwa pamoja. Neno asili ni gumu zaidi. Mkulima ambaye hajawahi kununua pembejeo husema analima kwa njia ya asili, na ni kweli. Lakini kilimo hai katika viwango kinamaanisha mfumo unaosimamiwa kwa makusudi: kurutubisha udongo, kuzungusha mazao na kuzuia mmomonyoko. Kutotumia kemikali peke yake hakutoshi. Tukitafsiri dhana hii kwa neno asili, tunamwahidi mkulima cheti ambacho hatakipata.

Neno shamba nalo huleta utata wa mipaka. Anayeulizwa kuhusu “shamba lako” anaweza kueleza lile la nyumbani tu, akaacha kipande alichokodi ng’ambo ya mto. Iwapo huko analima zao lilelile kwa viuatilifu, tayari kuna uzalishaji sambamba ambao mkaguzi alipaswa kuujua. Katika vipimo, gunia na debe hutofautiana kwa ujazo, kwa zao na kwa soko, na gunia la lumbesa hubeba zaidi ya gunia la kawaida. Hesabu ya ulinganifu tuliyoieleza haiwezi kusimama juu ya kipimo kisichotulia.

Tatizo hili linawahusu wataalamu pia. Ithibati hutumika kwa maana ya cheti anachopewa mkulima, na vilevile kwa maana ya idhini inayopewa taasisi ili iweze kutoa vyeti. Ndiyo maana makala haya yametumia uthibitishaji kwa maana ya kwanza na kuiachia ithibati maana ya pili.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, fomu iulize kuhusu vitu na vitendo vinavyoonekana. Badala ya “Je, umetumia dawa?”, iulizwe: “Taja kila kitu ulichonyunyizia, ulichopaka au ulichomwaga shambani, na ulikitoa wapi.” Kuhusu mbegu: “Je, mbegu zilikuwa na rangi au unga uliopakwa? Tuonyeshe pakiti.” Kazi ya kuamua kilichokatazwa ibaki kwa mkaguzi, kwani ndiye mwenye orodha.

Pili, kila kipimo cha kienyeji kipimwe kwa kilo mwanzoni mwa msimu, na matokeo yaandikwe kwenye jalada la kikundi. Mkulima aendelee kuhesabu madebe, karani abadilishe.

Tatu, fomu ijaribiwe kabla ya kuchapishwa kwa kumwomba mkulima alieleze kila swali kwa maneno yake mwenyewe. Wakulima kumi wakitoa maelezo ya aina mbili, swali hilo halijakamilika. Jaribio hili ni rahisi kuliko ukaguzi wa kurudia.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mashirika ya viwango kuandaa faharasa fupi ya istilahi za uthibitishaji, yenye visawe vya lugha za maeneo husika. Mkulima wa Elgon anayezungumza Kimasaaba au Kisabini hatanufaika ikiwa Kiswahili kitachukua nafasi ya Kiingereza kama ukuta mwingine.

Yapo mashaka kwamba wanunuzi wa ng’ambo wanahitaji nyaraka za Kiingereza, na kwamba tafsiri huongeza makosa. Mashaka hayo yana msingi, lakini tafsiri hufanyika hata sasa, kwa mdomo, bila kumbukumbu na bila mtu wa kuwajibika. Fomu yenye maswali yaliyopewa namba, lugha mbili zikiwa sambamba, huifanya tafsiri hiyo ikaguliwe kama sehemu nyingine yoyote ya mfumo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mpango na kumbukumbu ndivyo vinavyoliwakilisha shamba mbele ya mtu asiyelijua, na kwamba uwakilishi huo hutegemea maneno yaliyochaguliwa katika fomu. Washauri wa sera wanaopanga bajeti za mafunzo, ukaguzi na upimaji wa masalia ya viuatilifu wana sababu ya kutenga fungu la kuandaa na kujaribu fomu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kikundi kilichopoteza cheti kwa sababu ya swali ambalo kila mwanachama alilielewa kwa namna yake.