Tungsteni: Metali ya Majina Mawili

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Kwa zaidi ya karne moja tungsteni imeng'aa gizani, ndani ya balbu za umeme, ilhali wengi walioangaziwa nayo hawakulijua jina lake. Makala haya yanaeleza sifa, matumizi na chimbuko la metali hiyo, na kubainisha kwa nini inamhusu mzungumzaji wa Kiswahili.

Jina tungsteni lina asili ya Kiswidi na maana yake ni 'jiwe zito'. Jina la pili, wolframi, lilizuka kwa wachimbaji wa bati wa Ujerumani. Waligundua kwamba madini fulani yalipoingia tanuuni bati lilipungua, wakasema yanalila bati kama mbwa mwitu alavyo kondoo. Ndiyo sababu alama ya metali hii katika kemia ni W. Mnamo 1783 ndugu wawili wa Uhispania, Juan José na Fausto de Elhuyar, waliitenga metali yenyewe kutoka katika madini ya wolframiti. La ajabu ni kwamba Waswidi wenyewe huiita volfram.

Sifa zake ndizo zilizoipa thamani. Huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, kiwango kisichofikiwa na metali nyingine yoyote. Kwa hiyo uzi wake mwembamba huwaka katika balbu bila kuyeyuka. Aidha, uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na ule wa dhahabu, jambo ambalo walaghai wamelitumia kutengeneza dhahabu bandia. Ikiunganishwa na kaboni, hutoa kabidi ya tungsteni, kitu kigumu kinachotiwa kwenye ncha za keekee za kutobolea miamba na za vifaa vya kukatia chuma. Balbu za aina hiyo zinazidi kuachwa, lakini matumizi haya ya viwandani yamedumu.

Sehemu kubwa ya tungsteni duniani hutoka Uchina. Hata hivyo, wolframiti huchimbwa pia Rwanda, na katika Kivu, mashariki mwa Kongo. Wachimbaji wadogo huvunja mawe kwa nyundo na patasi, kisha huyaosha kwa maji. Mchanga huchukuliwa na maji, nayo madini mazito hubaki. Kwa kuwa makundi yenye silaha yamejinufaisha na biashara ya madini Kongo, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka kampuni kuchunguza na kutangaza asili ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazotumia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu madini hayo ilianza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2021.

Hapa ndipo suala la istilahi linapojitokeza. Kanuni hizo zimeandikwa kwa lugha za Ulaya, ilhali Kiswahili ni lugha kuu ya mawasiliano Kivu. Tungsteni ni jina lililo karibu na Kiingereza cha shuleni. Wolframi linaafikiana na alama W na jina la madini yenyewe. Lolote litakaloteuliwa, pamoja na istilahi za upimaji na bei, sharti limfikie mchimbaji aliye shimoni. Asiyeweza kukitaja akiuzacho kwa lugha yake hupangiwa bei na mwingine.