Stereo ya chumba kimoja: wati za kweli na wati za kwenye boksi

Katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kibarazani na ya gereji, redio aghalabu hukaa juu ya kabati katika chumba ambacho pia ni sebule na pengine malazi. Anayeamua kuondokana na redio hiyo ndogo na kutafuta muziki wenye besi na sauti mbili, kushoto na kulia, hukutana dukani na maboksi yenye namba kubwa: wati 1,000, wati 3,000. Fedha alizoweka akiba kwa miezi kadhaa huenda kwenye namba hizo. Namba hizo karibu kila mara si za kweli, na msomaji anaweza kuzipima mwenyewe kabla ya kulipa.

Geuza adapta inayouzwa pamoja na kifaa na usome kibandiko chake. Ikiwa imeandikwa volti 12 na ampea 2, zidisha: ni wati 24. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu kubwa kuliko inayopokea, isipokuwa kwa kufumba na kufumbua, pale kapasita zinapomwaga ghafla umeme zilizouhifadhi. Nukta hiyo ya sekunde ndiyo baadhi ya watengenezaji huihesabu na kuichapisha kwenye boksi kwa herufi nene.

Habari njema ni kwamba wati 24 zinatosha, na kusaza. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 hutoa sauti ya desibeli zipatazo 88 kwa mtu aliye umbali wa mita 1, ilhali mazungumzo ya utulivu kwa umbali huo huwa karibu desibeli 60. Wati 10 huongeza desibeli 10 tu juu ya wati 1, na sikio la mwanadamu huhesabu ongezeko hilo kuwa kama mara mbili ya sauti ya awali. Katika chumba cha mita 3 kwa 4, anayehitaji zaidi ya hapo anahitaji pia kuyafikiria masikio yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80.

Kwa hiyo fundi asiye na haraka anaweza kuunda stereo yake kwa vipande vitatu: bodi ndogo ya kukuza sauti, spika mbili, na chanzo cha umeme. Bodi zinazofaa ni zile zilizojengwa juu ya kijisahani cha aina ya TPA3116 au ndugu zake, kilichobuniwa na kampuni ya Texas Instruments. Bodi hizi hufanya kazi kama swichi inayofunguka na kufungwa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa sababu hiyo hazipotezi umeme mwingi kwa njia ya joto. TPA3116 hukubali volti 4.5 hadi 26, lakini bodi yenyewe huenda ikawa na kapasita za kikomo cha chini zaidi, basi isome kwanza.

Ukitaka kujua wati utakazopata, zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu za spika mara mbili. Volti 12 na spika ya omu 8: 144 gawanya kwa 16, ni wati 9 kila upande. Chaja ya zamani ya kompyuta mpakato yenye volti 19 hutoa wati 22 na ushei kwa spika hiyo hiyo. Hicho ndicho kikomo cha juu. Kwa vitendo hupungua kidogo.

Chaja hiyo ina faida nyingine iliyo kubwa kuliko wati. Umeme wa volti 220 unaishia ndani ya boksi lake lililofungwa, na mikono ya mwenye nyumba haigusi chochote kinachoweza kuua. Wapo wanaopendelea kuchomoa transfoma kutoka kwenye amplifaya iliyokufa na kuiweka wazi juu ya ubao. Katika chumba ambamo watoto hulala sakafuni, huo ni uokoaji wa fedha usiofaa. Umeme ukikatika, bodi ya volti 12 hukubali betri ya sola au ya gari moja kwa moja, ila fyuzi ya ampea 5 iwekwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Betri ya gari haiwezi kumrusha mtu, lakini nyaya zake zikigusana huwa nyekundu kwa sekunde chache na kuwasha pazia.

Sasa spika, na hapa ndipo fedha na subira zinapostahili kwenda. Spika za milango ya gari, zenye upana wa inchi 6.5 na twita katikati, hupatikana kwa mafundi wanaofungua magari yaliyoharibika. Ukiiunganisha moja ikiwa mkononi utashangaa jinsi inavyolia kama kopo. Sababu ni kwamba koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake huivuta, na mawimbi hayo mawili huzunguka ukingo na kufutana, hasa yale ya besi. Sanduku huyatenganisha. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba sanduku dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa yenyewe hufanya kazi ya springi ya koni, linaweza kutoa besi ambayo hapo awali ilihitaji kabati kubwa. Tangu hapo mwenye chumba kidogo hana sababu ya kuwaonea wivu wenye kumbi.

Mbao za plaiwudi za milimita 18, zikiacha ndani nafasi ya sentimita 30 kwa 20 kwa 20, hufanya sanduku la lita 12, linalofaa kwa spika hizo. Gundi ipite kila pembe, na tundu la waya lizibwe. Penye upenyo mdogo hewa hupuliza na kusikika. Jaza ndani sufi ya mto bila kuishindilia. Seremala atauliza kwa nini sanduku halina mlango, na inafaa kumweleza mapema.

Katika kuunganisha, kosa moja huua bodi. Wengi wamezoea magari ya zamani, ambamo nyaya hasi za spika zote hufungwa pamoja kwenye bodi ya gari. Katika bodi hizi ndogo, ncha zote mbili za kila spika hubeba umeme. Hasi ya kushoto isiguse ya kulia wala ncha hasi ya betri. Kila spika ipelekewe nyaya zake mbili. Kama alama za spika zimefutika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa mara moja: koni ikisogea nje, ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika.

Stereo ilielezwa na mhandisi Mwingereza Alan Blumlein katika maombi ya hataza ya Desemba 1931, na mpangilio wake wa kawaida ni huu: spika mbili na msikilizaji hufanya pembetatu yenye pande sawa. Katika chumba chetu, mita 1.5 kila upande zinatosha, twita zikiwa kimo cha masikio ya aliyeketi. Spika ikisukumwa kwenye pembe, kuta mbili huongeza besi hadi ikawa mngurumo usio na maneno. Mkeka, pazia zito na godoro hupunguza mwangwi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kipimo cha mwisho hakihitaji muziki. Chomeka redio au simu kwa waya wa tundu la visikilizio na ufungulie taarifa ya habari. Sauti ya mtangazaji mmoja inapaswa kutokea katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Ikielea pande zote huku besi imepungua, spika moja imefungwa kinyume. Geuza nyaya zake mbili na usikilize tena.

Hatimaye, chagua ukuta. Spika zisiegemezwe kwenye ule unaotumiwa pamoja na jirani, na chini ya kila sanduku uwekwe mpira wa tairi uliokatwa, kwa kuwa besi husafiri kwa tofali na kwa sakafu kabla ya kusafiri kwa hewa. Kisha zima taa usiku, umwombe jirani aseme anachosikia.