Tumbo Lako na Moyo Wenye Mashaka

Ndugu msomaji, labda wewe ni mmoja wa wale wanaokuja hospitali wakisema hivi: "Munganga, tumbo lanisumbua. Mara choo kigumu, mara ni maji tu. Tena moyo wangu wadunda bure, silali, naogopa, wala sijui ninaogopa nini." Umekwisha kupimwa choo na damu, wakakuambia hawakuona kitu. Basi umerudi nyumbani, na majirani wamekupa jibu lao: umelishwa sumu. Mwingine akakuambia ya kuwa imani yako ni haba, maana Mkristo haogopi.

Usikubali upesi neno la huyu wala la yule. Neno la kwanza limevunja jamaa nyingi, hata ndugu wa tumbo moja hawali tena pamoja. Neno la pili lamwongezea mgonjwa mzigo juu ya mzigo. Yafaa kwanza ujue jambo lililo ndani ya mwili wako mwenyewe.

Tumbo na kichwa husemezana. Umekwisha kuona: mwanafunzi akingojea mtihani huenda chooni mara tatu, mtu akipata habari ya kilio, chakula hakipiti. Hizo ni habari zinazoshuka kutoka kichwani. Lakini zinazopanda ni nyingi zaidi. Kuna mshipa mrefu wa fahamu, waganga wauita vagasi, unaotoka chini ya ubongo, kupita shingoni na kifuani, hata kufika matumboni. Nyuzi zake nyingi, kama 8 katika 10, hazichukui amri za kichwa. Zachukua habari za mwili na kuzipeleka juu. Hivi ubongo wako wasikia habari za tumbo mchana na usiku, hata ukiwa umelala.

Na matumboni kuna wakaaji. Siku zote tumekufundisha kuogopa vijidudu, na ni vema, kwa kuwa vile vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huua. Endelea kunawa mikono. Lakini viko vingine, vingi sana, hata hesabu yake yakaribia hesabu ya chembe zote za mwili wako, na hivi vyakaa nawe kwa amani. Vyala mabaki ambayo tumbo lako haliwezi kuyayeyusha, hasa nyuzi za mboga na maganda ya maharagi, na kwa mabaki hayo vyatengeneza vitu vinavyoilisha ngozi ya ndani ya matumbo.

Sasa sikiliza jambo la pili, ambalo ni gumu kidogo. Ndani ya kila chembe ya mwili, isipokuwa chache kama zile nyekundu za damu, mna maagizo uliyopokea kwa baba na mama. Yaitwa jeni. Fikiri kitabu cha nyimbo kanisani. Kila mtu ana kitabu kilekile chenye nyimbo zote, lakini asubuhi ile zaimbwa chache tu, zile ambazo namba zake zimeandikwa ubaoni. Chembe za jicho zaimba nyimbo zao, na chembe za ini zaimba nyingine, ingawa kitabu ni kimoja. Kitabu hakibadiliki, lakini namba za ubaoni hubadilika. Na wanaoandika namba hizo ni wengi: umri, ugonjwa, hofu ya siku nyingi, chakula, na vijidudu vya matumbo nao wana mkono wao. Kimoja cha vitu vinavyovitengeneza, kiitwacho butireti, chajulikana kuwa chaweza kusaidia jeni nyingine kufunguka.

Mwaka 2011 wataalamu wa mji wa Cork, katika nchi ya Ireland, pamoja na wenzao wa Kanada, walitangaza kazi waliyoifanya kwa panya. Waliwalisha kijidudu kimoja, jamaa ya vile vinavyogandisha maziwa, kwa siku 28. Panya wale wakapungua hofu: walipotiwa katika taabu, ile homoni ya hofu haikupanda sana katika damu yao. Wataalamu walipoutazama ubongo wao, wakaona ya kuwa katika sehemu zake nyingine jeni za kitu kinachotuliza ubongo zilikuwa zikifanya kazi kwa namna nyingine. Halafu wakachukua panya wengine waliokatwa mshipa ule wa vagasi, wakawalisha kijidudu kilekile. Hapo hawakuona badiliko lolote. Njia ilikuwa imekatwa.

Lakini mtu si panya. Mwaka 2017 huko Cork walitangaza ya kuwa wamewapa kijidudu hicho wanaume wazima, na hakikuwasaidia kupita dawa bandia isiyo na kitu. Kwa hiyo mtu akikuuzia vidonge vya vijidudu kwa bei kubwa, akisema vyafukuza hofu, weka franga zako mfukoni. Nunua maharagi.

Sisemi hivi kwa mchezo. Mwaka huohuo wa 2017, katika Australia, watu 67 wenye ugonjwa wa huzuni, ambao wengi wao walikuwa wakitibiwa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kula mboga, matunda, jamii ya maharagi, nafaka isiyokobolewa, njugu na samaki, na kupunguza vyakula vya sukari na vya kukaangwa. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza nalo tu. Baada ya majuma 12, kama watu 32 katika 100 wa kundi la kwanza walikuwa wametoka katika huzuni, na wa kundi la pili 8 katika 100. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wachache, nayo si mwisho wa maneno. Lakini tazama chakula chenyewe: sombe, lengalenga, maharagi, karanga, ndagala. Mama yako alikipika. Ni sisi tuliokiacha tulipopata mkate mweupe na soda.

Sasa jambo linalonihuzunisha. Wengi wenye tumbo la namna hii hutiwa dawa za majani kwa nyuma, kwa bomba ya mpira, ili "kutoa sumu", tena hata watoto wachanga. Dawa hizo huweza kuharibu figo na kuchubua matumbo, na maji ya mwili hutoka pamoja nazo. Wengine hununua sokoni vidonge vya rangi mbili, ampisilini au tetrasikilini, wakameza vitatu leo na viwili kesho. Vidonge hivyo haviui adui peke yake; vyaua na wakaaji wako wema. Dawa hizo ni njema munganga akikupa, nawe uzimalize. Usijipe mwenyewe.

Tena, usiseme kila hofu ni ya tumbo. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, moyo hudunda, mikono hutetemeka na choo huwa chepesi. Ugonjwa huo una dawa yake. Ukiona damu chooni, au ukikonda, au ukiwa na homa isiyoisha, njoo bila kukawia. Na ukifikiri kujiua, njoo leo, pamoja na mtu wa nyumbani.

Utakapokuja, usitaje tumbo tu ukanyamaza. Tuambie unalala saa ngapi, hofu ilianza lini, nini kilitokea nyumbani siku hizo, na ulikunywa dawa gani za sokoni au za majani. Uje na karatasi za vidonge hivyo, hata kama vimekwisha.