Vyama vya wafanyakazi na biashara huria katika siasa za Marekani

Mvutano kati ya vyama vya wafanyakazi na biashara huria ni mojawapo ya mambo yaliyobadilisha siasa za Marekani tangu miaka ya 1970. Biashara huria maana yake ni nchi kuuziana bidhaa bila ushuru mkubwa wa forodha wala vizuizi vingine. Wachumi wengi huiunga mkono kwa kuwa hushusha bei na kupanua masoko. Vyama vya wafanyakazi vimeuliza zaidi ni nani anayelipa gharama zake. Faida ya shati la bei nafuu huenea kwa mamilioni ya wanunuzi, kila mmoja akipata kidogo; hasara ya kiwanda kilichofungwa huwaangukia watu wa mji mmoja.

Miaka ya nguvu

Sheria ya mwaka 1935, inayojulikana kwa jina la seneta Robert Wagner, iliwapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri kwa pamoja. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, na huko kusini wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa wanachama. Mwaka 1950 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kikiongozwa na Walter Reuther, kilifunga na General Motors mkataba wa miaka 5 uliohusu pensheni, matibabu na mishahara iliyopanda pamoja na gharama za maisha.

Wakati huo vyama havikuogopa bidhaa za nje. Viwanda vingi vya Ulaya na Japani vilikuwa vimeharibiwa na vita. Mwaka 1962 shirikisho la vyama, AFL-CIO, lilimuunga mkono Rais John F. Kennedy alipotaka kupunguza ushuru, kwa sharti kwamba watakaopoteza kazi wapewe posho na mafunzo. Ahadi hiyo ni muhimu kuielewa, maana mengi yaliyofuata yanatoka hapo. Masharti ya msaada yalikuwa magumu mno, hata hakuna ombi la wafanyakazi lililokubaliwa chini ya sheria hiyo hadi mwaka 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirikisho lilikuwa limegeuka na kudai bidhaa za nje ziwekewe mipaka.

Kudhoofika

Si haki kuitupia biashara lawama yote. Tangu mwaka 1947 sheria ya Taft-Hartley, iliyopitishwa licha ya kura ya turufu ya Rais Harry Truman, iliruhusu majimbo kuzuia mikataba inayomlazimu kila mfanyakazi kulipa ada ya chama. Mashine nazo zilichukua kazi nyingi. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongozaji ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, ingawa chama chao kilikuwa kimemuunga mkono katika uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Waajiri binafsi walielewa ujumbe. Wanachama walikuwa asilimia 20.1 ya wafanyakazi mwaka 1983, na asilimia 9.9 mwaka 2024; katika sekta binafsi ni kama asilimia 6 tu.

NAFTA na China

Mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, kwa kifupi NAFTA, ulijadiliwa na serikali ya George H. W. Bush, Mrepublikani, lakini aliyeupitisha bungeni ni Bill Clinton, Mdemokrati. Novemba 1993 Bunge la Wawakilishi liliukubali kwa kura 234 dhidi ya 200. Wademokrati 102 tu ndio waliounga mkono. 156 walipinga, wakiongozwa na David Bonior wa Michigan, aliyekuwa mnadhimu wa chama chao wenyewe. Kwa vyama vya wafanyakazi hili lilikuwa pigo kutoka kwa rafiki.

Athari kubwa zaidi ilitoka China. Mwaka 2000 bunge liliipa China uhusiano wa kudumu wa kawaida wa kibiashara, na Desemba 2001 ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani. Kazi za viwandani, zilizokuwa takriban milioni 17 mwaka 2000, zilishuka chini ya milioni 12 mwaka 2010, mwaka ambao mdororo wa uchumi nao ulikuwa umeongeza hasara. Wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walionyesha kwamba katika maeneo yaliyoshindana na bidhaa za China mishahara ilishuka na ukosefu wa kazi ulidumu. Vitabu vya uchumi vilitarajia watu wahame au wapate kazi nyingine. Wengi walibaki walipo. Mpango wa msaada wa mwaka 1962, baada ya kufanyiwa marekebisho mara nyingi, ulisimama Julai 2022 kwa kuwa bunge halikuuongezea muda.

Mei 2000, siku chache kabla ya kura ya China katika Bunge la Wawakilishi, Clinton alitia saini pia sheria ya AGOA, iliyofungua soko la Marekani kwa nguo za Afrika, zikiwemo zinazoshonwa Athi River na Mombasa nchini Kenya.

Kura na ushuru

Mwaka 2016 Donald Trump, Mrepublikani, aliilaani NAFTA waziwazi na kushinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ya jumla isiyofika kura 80,000. Mkataba mpya ulioanza Julai 2020 unataka asilimia 40 hadi 45 ya thamani ya gari itokane na wafanyakazi wanaolipwa angalau dola 16 kwa saa, na safari hii AFL-CIO iliunga mkono. Septemba 2023 Joe Biden alikuwa rais wa kwanza aliye madarakani kusimama na wagomaji katika mgomo wao, huko Michigan.

Hata hivyo vyama havina tena upande mmoja. Machi 2025 UAW ilisifu ushuru wa Trump kwa magari ya kigeni. Mwezi huohuo rais alitoa amri ya kuwaondolea watumishi wengi wa serikali kuu haki ya majadiliano ya pamoja.